Wa Ngapi Kati ya Wangapi?

Katika nyumba nyingi za nchi yetu kuna karatasi moja ambayo huingia mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, nayo huogopwa kuliko barua ya mahakama. Ni taarifa ya maendeleo ya mwanafunzi wa sekondari, ambayo sisi sote twaiita ripoti. Mtoto huileta imekunjwa mara nne, pengine siku ile ile ya kufunga shule, pengine siku tatu baadaye, tena baada ya kuulizwa kwa ukali. Baba huifungua, macho yake huyapita masomo yote mbio mbio na kwenda moja kwa moja kwenye mstari wa chini usemao kwamba mwanafunzi amekuwa wa 37 kati ya wanafunzi 118. Hapo hukumu hutolewa. Mtoto hupata soda au hupata bakora, na karatasi hurudi katika bahasha.

Nimekaa pande zote mbili za karatasi hiyo. Kwa miaka mingi niliijaza, nikiwa mwalimu wa darasa katika shule za sekondari za mikoa miwili. Na tangu nilipostaafu naisoma, kwa kuwa majirani zangu hapa Morogoro wamezoea kuja nayo barazani kwangu. "Mwalimu, hebu nisomee, huyu mjukuu wangu amefanyaje?" Kutokana na kuisoma huko nimejifunza mambo ambayo sikuyaona nilipokuwa nikiijaza, na ndiyo ninayotaka kuzungumza nanyi leo.

Zamani, wakati shule nyingi za sekondari zilipokuwa za bweni, ripoti haikupewa mtoto mkononi. Ilitumwa kwa posta. Lakini ni wazazi wangapi waliokuwa na sanduku la posta? Barua ilikwenda kwa S.L.P. ya shule ya msingi, ya misheni, au ya chama cha ushirika, kwa mkono wa fulani. Na fulani huyo aliitia mfukoni mpaka siku ya gulio. Mara nyingine mtoto alikwisha kurudi shuleni ndipo ripoti yake ikafika nyumbani. Fomu zenyewe zilipigwa kwa stensili, nasi tulizijaza kwa kalamu ya wino juu ya karatasi ya kaboni ili ibaki nakala ya faili. Sikupata kujua ni nani aliyeamua kwamba nakala ya juu, iliyo safi, ibaki shuleni, na ile ya chini, yenye maandishi hafifu, ndiyo apelekewe mzee wa miaka 60 mwenye macho mabovu.

Karatasi hiyo ina historia. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, na moja ya mambo yaliyotokana na Azimio lile ni kwamba mtihani mmoja wa mwisho usiwe kipimo pekee cha kijana. Kazi zake za kila siku, na moyo wake wa kufanya kazi pamoja na wenzake, navyo vihesabiwe. Kuanzia 1976 utaratibu wa kuweka alama za maendeleo ya muhula kwa muhula ukaanza kutumika. Ndiyo maana hata leo ripoti ina sehemu mbili: taaluma juu, na tabia na mwenendo chini, yaani bidii ya kazi, ushirikiano, utunzaji wa mali ya shule, usafi, uaminifu, utii na kadhalika.

Wazo lilikuwa jema. Lakini hebu tupige hesabu. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 54, na sifa 11 za kujazwa kwa kila mmoja, anadaiwa herufi 594, nazo zatakiwa kabla ya lori la kuwachukua wanafunzi halijafika. Walimu wengi basi hujaza B kutoka juu hadi chini, kama mtu apandaye mahindi kwa kamba. Kwa hiyo, mzazi, ukiona B tupu, ujue kwamba hapo hujaambiwa neno. Ukiona D moja peke yake katikati ya B, simama. Hapo mwalimu alisita kidogo kabla ya kuandika, na iko sababu.

Baada ya herufi hufuata maneno. Ripoti zetu nyingi huandikwa nusu Kiswahili na nusu Kiingereza, na ile nusu yenye maoni ya mwalimu wa somo ndiyo aghalabu huwa ya Kiingereza. Bibi mmoja wa mtaa wetu, anayelea wajukuu watatu, alisomewa na kijana wa dukani kwamba mwalimu wa Fizikia anamtaka mjukuu wake apandishe soksi zake. Kijana alitafsiri kwa uaminifu, neno kwa neno. Siku ya kufungua shule mjukuu alikwenda na jozi mbili mpya za soksi nyeupe, ndefu hadi magotini, zilizonunuliwa kwa fedha za mchicha. Tulicheka sana, na bibi mwenyewe alicheka kuliko sisi. Lakini baadaye aliniuliza jambo ambalo silo la kuchekesha: kama mwalimu alitaka mtoto aongeze bidii, kwa nini hakusema hivyo?

Swali hilo ni zito kwa nchi kama yetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kusoma vijitabu vya Kiswahili, wakafundishwa jinsi malaria inavyoenea, jinsi ya kuchimba choo, na jinsi ya kuchemsha maji. Bibi yule alikuwa mmoja wao. Ikiwa mbu aliweza kuelezwa kwa Kiswahili hadi akaeleweka, sioni kwa nini Fizikia ya mtoto isielezwe. Na simlaumu mwalimu kijana peke yake. Naye aliandikiwa hivyo hivyo alipokuwa mwanafunzi, akadhani ndiyo desturi ya ripoti.

Sasa tuziangalie alama zenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mzee aliyesoma zamani akiona 46 huhesabu kwamba mtoto ameanguka, kwa kuwa hakufika nusu. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani katika Kidato cha Nne, A huanzia 75, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na chini ya 30 ni F. Kisha kila herufi ina pointi zake: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Huchukuliwa masomo 7 ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, pointi zikajumlishwa. Akipata 7 hadi 17 ni Daraja la Kwanza. 18 hadi 21, la Pili. 22 hadi 25, la Tatu. 26 hadi 33, la Nne. Na 34 au 35 ni sifuri. Hesabu hii mzazi yeyote anaweza kuifanya kwa kijiti mchangani. Ajabu ni kwamba ripoti nyingi nilizoletewa hazikumfanyia.

Siku moja alikuja baba mmoja na uso wa Idi. Kijana wake wa Kidato cha Tatu alikuwa wa 6 kati ya 92, na jogoo alikwisha kuchinjwa. Nilizisoma alama kwa sauti: Kiswahili 61, Uraia 47, Historia 38, Jiografia 33, Biolojia 31, Kiingereza 29, Kemia 24, Fizikia 18, Hisabati 9. Tukajumlisha pamoja: C mbili, D tatu, na F mbili za kutimiza masomo saba. Pointi 28. Mtoto wa sita darasani, kama angefanya mtihani wa taifa siku ile, angepata Daraja la Nne. Baba yule alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Na hao 86 walio nyuma yake?"

Nafasi humweleza mtoto alivyosimama kati ya wenzake. Haimwelezi mahali darasa zima liliposimama. Mwezi Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na mwezi Mei matokeo yakatangazwa upya baada ya viwango kurekebishwa. Watu walibishana sana juu ya viwango, juu ya uhaba wa walimu, juu ya shule za kata zilizokosa maabara. Yote hayo yalistahili kubishaniwa. Lakini wazazi waliokuja barazani kwangu wiki ile hawakuuliza habari za tume. Walikuja na ripoti za miaka minne, wa 4, wa 10, wa 17, wakitaka kujua ni lini mtoto alianza kushindwa, na kwa nini hawakuambiwa.

Nataka kuwakumbusha akina mama karatasi nyingine, ambayo waliishika kabla ya hii. Mtoto alipokuwa mdogo mlimpeleka kliniki, muuguzi akamning'iniza katika mizani, akatia nukta katika kadi, akaiunga na nukta ya mwezi uliopita. Hata mama asiyejua a wala be aliujua kuusoma mstari ule. Ukipanda ndani ya kijani, ni heri. Ukilala, ataulizwa mtoto anakula nini. Ukishuka kuelekea kwenye nyekundu, kuna maradhi, na hapaswi kusubiri. Katika maisha yangu yote sijapata kusikia mama akimwuliza muuguzi: "Je, leo mwanangu amekuwa wa ngapi kwa uzito?" Mtoto wa jirani anaweza kuwa mnene kama gunia, lakini mstari wa wa kwako ndio unaotafuta habari zake.

Kwa hiyo kila anayekuja kwangu na ripoti moja humrudisha nyumbani akalete na zilizotangulia. Wengine hunung'unika. Wengine hawanazo, maana zilifungiwa karanga. Lakini zikipatikana tatu au nne tukazipanga mkekani kwa tarehe, zinakuwa kadi ya kliniki. Nilifurahi mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya Kidato cha Nne ya 2022 bila kutangaza shule bora wala wanafunzi bora 10 kama ilivyokuwa desturi. Wako waliosikitika, wakisema mashindano yanatia ari. Pengine. Ila yule wa mwisho, ambaye ndiye hasa ripoti iliandikwa kwa ajili yake, sijaona ari anayotiwa kwa kuhesabiwa.

Liko jambo moja katika ripoti ambalo karibu hakuna anayelisoma, nalo ni mahudhurio. Ni mstari mdogo: siku za masomo kadhaa, amehudhuria kadhaa. Nitawasimulia habari za mstari huo.

Mwaka 2018 mama mmoja muuza vitumbua alikuja kwangu jioni, ripoti ameifunga katika pindo la khanga. Binti yake alikuwa Kidato cha Pili katika shule ya kutwa, wa 71 kati ya 104. Katika tabia na mwenendo kulikuwa na B toka juu hadi chini, isipokuwa D moja. Na mwalimu wa darasa aliandika maneno mawili: "Mtoro. Abadilike." Baba yake, fundi baiskeli, mtu mpole kwa kawaida, alikwisha kukata shauri. Ada ilikuwa imefutwa tangu 2016, ni kweli, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana bado vilikuwa juu yake, naye hakuwa tayari kumgharimia msichana aondokaye nyumbani na sare asifike shuleni. Angekwenda Dar es Salaam kwa shangazi yake akasaidie kazi za nyumbani. Na sote twajua msichana wa miaka 15 anayetajwa kwa utoro hudhaniwa nini.

Tulizipanga ripoti zake tatu. Biolojia 28, 39, 46. Kemia 19, 27, 35. Mtoto alikuwa anapanda. Katika mahudhurio ya muhula ule palikuwa na siku 74 kati ya 97. Yaani siku 23 hazikujulikana zilikokwenda. Binti alipoulizwa aliinamisha kichwa tu, na hilo lilizidi kumchongea kwa baba yake.

Asubuhi nilifuatana na mama yule hadi shuleni, siku ile ambayo walimu walikuwa wanamalizia kazi kabla ya likizo. Mwalimu wa darasa alikuwa kijana wa adabu, akatukaribisha viti, akalitoa daftari la mahudhurio bila kinyongo. Alama za kutokuwapo hazikutapakaa kama za mtoro, ambaye hukosa Jumatatu moja na Ijumaa mbili. Zilikuwa mafungu mafungu: siku 4 Januari, 5 Februari, 5 Machi, 4 Aprili, 5 Mei. Mama aliweka kidole juu ya fungu la kwanza, akakisogeza hadi la pili, akahesabu kimoyomoyo siku zilizo katikati. Kisha akaniinamia sikioni: "Mwalimu, ni siku zake."

Tulikwenda kukiona choo cha wasichana. Mlango haukuwa na komeo, na maji yalikuwa bombani upande wa pili wa uwanja, mbele ya madarasa ya wavulana. Mtoto alikuwa akitumia vitambaa vya khanga kuukuu, na akiona hatari ya kuchafuka mbele ya wenzake alikata njia, akaenda kukaa kwa rafiki yake hadi saa za kutoka. (Mwaka huo huo Serikali ilifuta kodi ya ongezeko la thamani kwa taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha. Bei dukani kwetu haikushuka hata siku moja.) Yule kijana mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alipewa fomu yenye mstari mmoja wa mahudhurio na nafasi ya maneno mawili, akaijaza kama ilivyomtaka. Lakini kwa maneno yale mawili nusura mtoto aondolewe shuleni, na wala hapangekuwa na mtu wa kujua kwamba alikuwa akipanda.

Mama alimweleza mumewe kwa maneno yao wenyewe, ambayo sikuyauliza. Kile kipande cha chini cha ripoti, kinachokatwa na kurudishwa, chenye mistari ya maoni ya mzazi, alikijaza kwa penseli akiomba mlango utiwe komeo na pipa la maji liwekwe ndani. Komeo lilitiwa muhula uliofuata. Pipa lilichukua karibu mwaka. Binti alifanya mtihani wa Kidato cha Nne 2020, akapata Daraja la Tatu.

Siku hizi shule kadhaa hazitumi karatasi tena. Mzazi hupata ujumbe mfupi katika simu: jina, wastani, nafasi. Ni wepesi ambao zamani tusingeuota, wala hakuna fulani wa kuitia mfukoni mpaka siku ya gulio. Lakini simu imechukua kutoka ripoti ile sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, ikaacha mahudhurio, ikaacha maoni, ikaacha na kipande cha mzazi. Baya zaidi ni mtindo wa kuituma orodha ya darasa zima katika kundi la simu la wazazi, wa kwanza hadi wa mwisho, majina kamili, ili mtaa mzima usome. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ningependa wakuu wa shule waisome kabla ya kubonyeza.

Kikao cha wazazi kingeweza kuziba pengo hilo, ila vikao nilivyohudhuria vilianza na michango vikaishia kwenye michango.

Kipande cha mzazi ndicho ninachokisikitikia hasa. Katika miaka yangu ya kufundisha vilirudi vichache, na vingi vya hivyo vilisema tu "Nimeona, ahsante", tena kwa mwandiko ambao tuliujua vizuri, kwa kuwa ulikuwa wa mtoto mwenyewe. Wengine waliandika "Mchapeni." Lakini namkumbuka mfugaji mmoja ambaye kipande chake tulikizungusha meza kwa meza katika chumba cha walimu. Alikuwa ameandika kwamba akimwita bwana mifugo kumtazama ng'ombe wake, huambiwa ng'ombe anaumwa nini na apewe dawa gani. Sasa shule imemwambia kwamba mwanawe ni wa 44, naye aomba kujulishwa mtoto huyo anaumwa nini. Kilipomfikia mwalimu wa Hesabu hakukipitisha tena. Alikaa nacho kipindi kizima, kisha akalileta daftari la mazoezi la yule mtoto, na jibu tulilomwandikia baba lilikuwa la kurasa mbili, kwa Kiswahili, likaanza na sehemu za desimali.